Boma na Mlima

Katika mji wa Tarime, mkoani Mara, kuna kata iitwayo Bomani. Jina hilo si la pale peke yake. Miji mingi ya Tanzania ina mtaa au kata yenye jina hilo, na maana yake ni moja kila mahali, yaani pale palipo boma. Hapo kale boma lilikuwa ua au zizi la kuzuia wanyama na adui. Wajerumani walipojenga ngome zao za kutawalia, wenyeji waliziita kwa neno lilo hilo, na Waingereza waliokuja baada yao walilirithi jina pamoja na majengo. Katika pande za kaskazini ya mto Mara ngome ya Wajerumani ilikuwa Shirati, karibu na ziwa. Katika enzi ya Waingereza Tarime ikawa makao ya wilaya iliyoitwa North Mara. Majengo huchakaa na kuvunjwa, lakini jina hubaki, kwa kuwa watu hawakuliheshimu boma, wala hawakuliogopa, kwa ajili ya mawe yake. Waliliogopa kwa ajili ya kazi iliyofanywa ndani yake.

Kazi hiyo ilikuwa kuandika. Ndani ya boma mlikuwa na daftari la kodi, daftari la mashauri na daftari la watu waliofungwa. Mwanakijiji alikwenda bomani akiwa na uso, ukoo na mifugo yake, na huko akageuka kuwa jina katika mstari. Ikiwa karani alilikosea jina hilo, basi lilikosewa, kwani mwenye jina hakuwa na uwezo wa kulisoma. Hivyo nguvu ya boma ilikuwa katika mambo mawili: chombo cha kuwekea habari, na mtu ajuaye kukitumia. Wajerumani waliyatambua hayo mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 walifungua shule ya Serikali huko Tanga, na katika matunda yake walikuwamo makarani na walimu waliotawanywa nchini. Walijua ya kuwa daftari bila karani ni karatasi tupu.

Ukweli huo mdogo ndio ufunguo wa historia ya kompyuta katika Tanzania, na ndio unaoeleza kwa nini chuo kikuu cha nchi kilifikia kumiliki kampuni ya kutengeneza tovuti na kufundisha watu kazi ya kompyuta. Mambo hayo mawili, kutengeneza na kufundisha, yakitazamwa juu juu huonekana kuwa ni biashara mbili zilizowekwa katika duka moja. Kwa hakika ni biashara moja, na nchi ililipa gharama kubwa kabla ya kujua hivyo.

Chuo Kikuu kilianza mwaka wa 1961 kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria, katika jengo la TANU lililoko mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam. Mwaka wa 1964 kikahamia juu ya kilima nje ya mji, na tangu hapo watu wakakiita Mlimani. Kwanza kilikuwa chuo kishiriki, na toka mwaka wa 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi. Tarehe 1 Julai 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinachojitegemea, na mkuu wake wa kwanza akawa Rais Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, katika mkoa ule ule wa Mara. Mwaka wa 1964 Nyerere aliitolea elimu ya juu mfano ambao haujasahauliwa. Alimlinganisha msomi na mtu wa kijiji chenye njaa, ambaye wenziwe wamempa chakula chote kilichosalia ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea kingine. Mtu huyo akila akakaa huko alikokwenda, asirudi, basi amewasaliti waliobaki na njaa. Kila ambalo Chuo Kikuu kimelifanya tangu siku ile laweza kupimwa kwa mfano huo, na kampuni yake nayo haiwezi kuepuka kipimo hicho.

Kompyuta ya kwanza ya Serikali ililetwa mwaka wa 1965, ikawekwa katika Wizara ya Fedha. Ilikuwa aina ya ICT 1500, mashine kubwa iliyohitaji chumba chake yenyewe. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka wa 1967 mashirika ya umma yaliongezeka, hesabu zikawa nyingi kupita kiasi cha makarani, na tamaa ya kutumia mashine ikakua. Lakini mashine zilikuja pamoja na wageni waliozijua, na elimu yao ilikuwa vichwani mwao. Mkataba ulipokwisha waliondoka nayo. Jaribio la kuziweka hesabu za Serikali katika kompyuta liliharibika. Hesabu zikavurugika, zikachelewa, na ikabidi kuzirudia njia za zamani. Chombo kilikuwapo, karani hakuwapo.

Mwaka wa 1974 Serikali ilichukua hatua ambayo nchi chache zimepata kuichukua: ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na vifaa vyake nchini, isipokuwa kwa kibali maalumu. Sababu zake hazikuwa za kijinga. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda ghafula mwaka uliotangulia, ukame ulikuwa umepunguza mavuno, na fedha za kigeni zilihitajika kununua chakula. Katika hali hiyo mashine yenye gharama kubwa, ambayo tayari ilikuwa imeivuruga Hazina, haikuwa na wa kuitetea. Hata hivyo dawa haikuupata ugonjwa. Kilichokuwa kimekosekana ni watu waliofundishwa, na amri ya kuzuia mashine haikumfundisha mtu hata mmoja.

Yafaa ikumbukwe pia jambo jingine la mwaka huo huo. Mwezi wa Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, mji mkuu wa Mkoa wa Mara, ikatoa uamuzi ujulikanao kama Azimio la Musoma. Azimio hilo lilitaka elimu ya msingi iwafikie watoto wote, na likaamua kwamba vijana wasitoke shuleni na kuingia moja kwa moja katika chuo kikuu, bali kwanza wafanye kazi miongoni mwa watu. Mintarafu ya utekelezaji wake mengi yamebishaniwa, na baadaye sharti la kazi lililegezwa. Lakini shabaha yake ilikuwa dhahiri: elimu isiwe ngazi ya kuwakimbia wananchi. Basi katika mwaka mmoja nchi ilitamka mambo mawili. Musoma ilisema kwamba elimu ya juu haina haki ya kujitenga na kijiji. Dar es Salaam ilisema kwamba chombo kisichokuwa na mafundi wa nyumbani ni mzigo. Kwa miaka mingi kauli hizo mbili zilikaa mbalimbali, kana kwamba hazihusiani.

Marufuku ile ililegezwa kidogo kidogo katika miaka ya 1980, na katika miaka ya 1990 ikawa imetoweka. Wakati huo huo Chuo Kikuu chenyewe kilikuwa taabani. Uchumi ulikuwa umeanguka. Mkataba wa mwaka wa 1986 kati ya Tanzania na Shirika la Fedha la Kimataifa ulikuwa umebana matumizi ya Serikali. Majengo ya Mlimani yalichakaa, vitabu vikawa vichache, na walimu wakaenda kutafuta riziki nje ya nchi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wanafunzi na wazazi walianza kutakiwa kuchangia gharama za elimu ya juu, jambo lililoleta migomo na manung'uniko. Mwaka wa 1994 Chuo Kikuu kilianza mpango mkubwa wa kujigeuza, na miongoni mwa shabaha zake ilikuwa kutafuta njia za kujipatia mapato pasipo kungoja Hazina peke yake.

Katika hali hiyo ndipo Kituo cha Kompyuta cha Chuo Kikuu, kijulikanacho kwa herufi UCC, kilipoandikishwa mwaka wa 1999 kuwa kampuni yenye dhima yenye mipaka. Mwenye kampuni ni Chuo Kikuu chenyewe. Maana yake ni kwamba kituo kilichokuwa idara, kikingojea fungu lake katika bajeti, sasa kilitakiwa kijilipie mishahara, kitafute wateja, kishindane na makampuni ya watu binafsi, na faida ikipatikana iwe ya Chuo. Kazi zake zikawa za namna kadhaa: kuwaunganishia watu intaneti, kutengeneza programu za kuendeshea ofisi, kujenga tovuti za mashirika na idara, kutoa ushauri, na kufundisha. Mfumo wa kutunza kumbukumbu za masomo za wanafunzi, uitwao ARIS, ni mojawapo ya matunda yake. Mafunzo yalianzia kozi fupi za majuma machache hadi vyeti na diploma, na baada ya Dar es Salaam yalifunguliwa matawi katika Arusha, Mwanza, Dodoma na Mbeya.

Kwa msomaji asiyeijua kazi hiyo, yafaa kueleza tovuti hutengenezwaje. Kwanza hutafutwa jina, na jina la Kitanzania huishia kwa herufi mbili, tz, ambazo usimamizi wake uliwekwa chini ya tzNIC, chombo kilichoundwa mwaka wa 2006. Kisha hutafutwa kompyuta ya kuiwekea tovuti hiyo, isiyozimwa usiku wala mchana. Halafu fundi huandika kurasa, hupanga ghala la habari nyuma yake, na huweka milango: huu wa kila mtu, huu wa wafanyakazi, huu wa mtu mmoja tu. Siku ya kukabidhi, mteja hufurahi. Lakini kazi iliyo ngumu huanza kesho yake. Tangazo la zamani lazima liondolewe na jipya liwekwe. Namba ya simu ikibadilika irekebishwe. Hitilafu ikitokea ijulikane. Ikiwa katika ofisi ya mteja hakuna hata mtu mmoja aliyefundishwa, tovuti hufa taratibu, ikiendelea kutangaza mkutano uliokwisha kupita. Ndiyo habari ya Hazina tena, kwa kipimo kidogo. Kwa sababu hiyo, fundi anayejenga tovuti na mwalimu anayefundisha wa kuitunza wana haki ya kukaa chini ya paa moja.

Wako waliolaumu, na wako wanaolaumu hata leo, kwamba chuo kikuu hakipaswi kuuza. Elimu iliyopatikana kwa kodi ya mkulima, wasema, hairuhusiwi kurudishiwa mkulima huyo huyo kwa bei. Hoja hiyo ina uzito, na mwenye kuupuuza mfano wa Nyerere ndiye tu awezaye kuicheka. Lakini upande wa pili nao una neno. Katika miaka ile ya 1990 elimu ya kompyuta isingetolewa bure, kwa kuwa aliyepaswa kuilipia hakuwa na fedha. Ingekuwa haitolewi kabisa, au ingeuzwa na wengine ambao faida yao isingerudi Mlimani. Mtu aliyetumwa kutafuta chakula, njaa ikimshika njiani, aweza kufanya kibarua apate nauli ya kurudi. Kibarua si usaliti. Usaliti ni kuisahau njia ya kurudi. Basi swali la haki kuihusu kampuni ya namna hiyo si kama inauza. Swali ni kama inachokipata, yaani ujuzi, chafika kule kilikotumwa.

Na hapo ndipo jiografia inapoingia. Kutoka Tarime hadi Dar es Salaam kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,000. Tawi lililo karibu zaidi na Bomani ni la Mwanza, na kulifikia ni kuvuka mto Mara kwa daraja la Kirumi, kuupita mji wa Musoma upande mmoja, na kuendelea kusini kwa saa nyingi. Kijana akitaka kozi ya miezi sita lazima atafute si ada tu bali chumba na chakula. Kampuni inayojilipia mishahara haiwezi kulaumiwa kwa kukaa kwenye wateja. Lakini nguvu ile ile inayoifanya iishi ndiyo inayoivuta ikae mijini, na hilo ni jambo la asili yake, si la ubaya wa mtu yeyote.

Wakati huo huo daftari limeondoka mikononi mwa karani wa zamani. Sera ya kwanza ya taifa ya TEHAMA ilitangazwa mwaka wa 2003. Mwezi wa Julai 2009 waya wa SEACOM ulifika Dar es Salaam kupitia chini ya bahari, na mkongo wa taifa ukaanza kusambazwa kuelekea mikoani. Wakala wa Serikali Mtandao ulianza mwaka wa 2012, na kwa sheria ya mwaka wa 2019 ukawa Mamlaka. Leo mwanafunzi wa wilayani huyatazama matokeo ya mtihani katika intaneti, huomba nafasi ya chuo kwa intaneti, na huomba mkopo wa masomo kwa njia hiyo hiyo. Asiyekuwa na kompyuta huenda steshonari, akampa mwenye duka vyeti vyake na nywila yake, akasimama nyuma ya kiti akitazama vidole vya mtu mwingine vikiandika jina la baba yake. Likikosewa, limekosewa. Babu yake, kama alipata kusimama mbele ya meza ya karani, angekitambua kituko hicho mara moja.

Lugha nayo ina sehemu yake. Daftari la boma, hata katika enzi ya Wajerumani, mara nyingi liliandikwa kwa Kiswahili, ilhali kompyuta ilikuja ikisema Kiingereza. Mwaka wa 2004 mradi wa Kilinux, uliounganisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wataalamu wa Sweden, ulitoa programu za ofisi kwa Kiswahili, zikaitwa Jambo OpenOffice. Ili kufanya hivyo ilibidi maneno yatafutwe kwa kila amri na kila kitufe. Baadhi ya istilahi za kompyuta zilizobuniwa na wasomi zimeshika, kama barua pepe, tovuti na nywila. Nyingine, kama tarakilishi, hupatikana zaidi vitabuni kuliko sokoni, maana watu walikwisha kuchagua kompyuta. Hata hivyo kazi ile ilionyesha kwamba mashine haina lugha ya kuzaliwa. Yasema kile ilichofundishwa, na mwenye kuifundisha ndiye mwenye kuchagua.

Mkoa wa Mara wenyewe umetoa mfano unaostahili kufikiriwa. Tangu mwaka wa 2015 watu wa kujitolea, katika mradi uitwao Crowd2Map Tanzania, wamekuwa wakichora ramani za vijiji na kuziweka katika OpenStreetMap, ambayo kila mtu huweza kuitumia bila malipo. Haja mojawapo iliyouanzisha ilikuwa ya wasichana wa Mara waliokuwa wakikimbia kukeketwa: watu wa nyumba salama iliyoko Mugumu, wilayani Serengeti, walihitaji kuwafikia kwa haraka, hata usiku, katika vijiji ambavyo ramani haikuvionyesha. Mchoraji aliyeko Ulaya au Marekani aliweza kuona paa na njia katika picha iliyopigwa kutoka angani. Hakuweza kujua jina la kijiji, wala kipi ndicho kilima kinachotajwa na msichana anayepiga simu. Hayo yalijazwa na wenyeji wenye simu mkononi, waliofundishwa namna ya kuyaandika. Nusu ya ramani ilitoka mbali, na nusu nyingine isingeweza kutoka popote isipokuwa pale pale. Na pasipo nusu hiyo ya pili gari la kuokoa lingefika kwenye paa lisilo na jina.

Hiyo ndiyo maana ya kufundisha, na ndiyo inayotofautisha mafunzo na uuzaji wa vyombo. Kampuni ya Chuo Kikuu ilizaliwa kutokana na upungufu mara mbili: upungufu wa mafundi ulioonekana mwaka wa 1974, na upungufu wa fedha ulioonekana miaka 20 baadaye. Upungufu wa kwanza imeushughulikia kwa heshima, maana vijana wengi waliopita katika vyumba vyake wameketi leo mbele ya mashine ambazo hapo zamani zilitunzwa na wageni. Wa pili umeikalisha mijini. Mzigo wa kuumaliza wa kwanza huko wilayani hauwezi kuwa wa kampuni pekee, kwani biashara haiendi pasipo na soko. Ni mzigo wa Chuo Kikuu kama mwenye kampuni, na wa Serikali kama mwenye Chuo Kikuu, ambao waweza kuamua kwamba sehemu ya kinachopatikana Mwanza na Dar es Salaam iende kufundisha mahali pasipolipa.

Wazee husema kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Kompyuta ilikuja kama mgeni, na mwenyeji hakupona mara moja. Kwanza aliugua, akamfukuza mgeni, akamkaribisha tena. Sasa mgeni amekwisha kuwa mwenye nyumba, na daftari la boma limo mikononi mwake. Bomani ingali pale Tarime, si mbali na mpaka wa Sirari, na watu wangali wakienda huko kuandikwa. Siku kijana wa Bomani atakapoketi mwenyewe mbele ya daftari hilo, akaliandika jina la baba yake bila kukosea, ndipo itakapojulikana kwamba aliyetumwa mbali kutafuta chakula amerudi.